Kompyuta ya nyumbani nzito na inayoganda: pima kwanza, Windows ipigwe baadaye

Hapa Dar es Salaam, kompyuta ikianza kuganda ushauri wa kwanza utakaopewa ni mmoja: ipeleke ikapigwe Windows, yaani ifutwe na kuwekewa Windows upya. Unaipeleka, inarudi nyepesi, baada ya muda mfupi inastaki kama zamani, na safari hii picha za harusi na vyeti vya watoto vilivyokuwemo havipo tena. Windows mpya haiponyi diski inayokufa, wala feni iliyoziba vumbi, wala chaja isiyofikisha umeme wa kutosha. Hayo ndiyo yanayozisumbua kompyuta nyingi za majumbani hapa pwani, na yote unaweza kuyagundua mwenyewe mezani kwako kabla hujatoa hela mfukoni.

Mwongozo huu ni wa kompyuta za Windows 10 na 11, za mezani na laptopu. Nimezilenga hasa zile zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo: Dell OptiPlex na Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara zenye miaka mingi mbele yake zikitunzwa, na inaniuma kuona zikitupwa stoo kwa ubovu wa kipande kimoja.

Okoa mafaili kabla hujagusa chochote

Maadamu kompyuta bado inawaka, nakili kwanza vitu usivyoweza kuvipata tena: picha, vyeti vilivyoskaniwa, mikataba ya kiwanja, hesabu za duka, kazi za chuo. Viweke kwenye diski ya nje au flashi, na vile vya muhimu kabisa viweke pia Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15. Anza na vidogo vyenye thamani. Filamu na muziki visubiri mwisho, kwa sababu diski mbovu haisemi itakata roho lini, na kila dakika unayoitumia kunakili filamu ungeweza kuwa umeshaokoa vyeti.

Kama kunakili kunakwama kila mara kwenye faili lilelile, au unasikia diski ikigonga kwa mpangilio, simama hapohapo na uizime. Usijaribu tena na tena. Diski ya namna hiyo kila ikiwashwa inazidi kujiumiza, na kama ndani kuna kitu ambacho familia au biashara haiwezi kukikosa, mpelekee fundi anayeshughulika na kuokoa data ikiwa haijachezewa.

Angalia na flashi yenyewe. Zipo zinazouzwa barabarani zimeandikwa GB 128 ilhali ndani kuna nafasi ndogo tu. Ukinakili, majina ya mafaili yanaonekana yote, ila ukija kuyafungua mengi hayafunguki. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi kisha huisoma yote tena, na mwisho hukuambia nafasi ya kweli ni kiasi gani. Ipime kabla ya kuikabidhi maisha yako.

Nzito, inaganda, inajizima: jua yako ni ipi

Fundi mzuri atakuuliza hili kwanza, kwa hiyo lijue kabla hujamfikia. Kompyuta nzito hufanya kila kitu, ila kwa kuburuza miguu. Inayoganda husimama ghafla, kipanya hakisogei, sauti inakwaruza neno moja. Inayojizima huenda giza bila kuaga. Chanzo kinaweza kuwa kimoja, lakini dalili zinapunguza sana idadi ya washukiwa.

Ikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock mara kadhaa na utazame taa yake. Kama inawaka na kuzimika, Windows bado iko hai na imelemewa tu. Ipe dakika 2 au 3. Kama kioo tu ndicho kimesimama, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huianzisha upya draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha: kioo kitazima kidogo na kurudi, na kikirudi kinafanya kazi, umeshajua pa kuangalia. Taa ya Caps Lock ikigoma kabisa, mashine nzima imesimama, na hapo washukiwa ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa), joto, umeme au diski. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 mpaka izime.

Kisha chukua daftari. Andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, na umeme ulikuwaje. Siku chache za kuandika hivyo zitakupa picha ambayo kumbukumbu ya kichwani haikupi. Inayoganda saa nane mchana na haigandi alfajiri inakuelekeza kwenye joto. Inayoganda friji inapoanza kunguruma inakuelekeza kwenye umeme. Ile inayokufa kila unapofungua kurasa nyingi za intaneti huenda ina njaa ya RAM.

Windows nayo ina daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, bonyeza Enter. Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo programu zilianguka au mashine ilizimika vibaya, pamoja na jina la programu iliyohusika. Jina moja likijirudia wiki nzima, anza na hilo.

Soma Task Manager bila haraka

Task Manager ni dirisha la Windows linaloonyesha nini kinailemea kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha likiwa dogo, gusa "More details" chini yake, kisha nenda "Performance". Sasa iache kompyuta ifanye kazi zinazoilemea siku zote: fungua kivinjari, Excel, video. Kaa nayo dakika 10 au zaidi. Dakika za mwanzo baada ya kuwasha zinadanganya, kwa sababu Windows huwa inapakia vitu vyake na diski yoyote huonekana imezidiwa.

Kwenye CPU, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, linganisha "Speed" na "Base speed". Prosesa iliyotengenezwa kwa GHz 2.4 ikiwa inaburuza GHz 0.4 au 0.8 wakati ina kazi nyingi, kuna kitu kimeibana makusudi. Ni joto au chaja, na nitafika huko. Hapohapo soma "Up time". Wengi hukuta imeandikwa siku nyingi mfululizo wakati kila usiku wanazima. Kuna kipengele kinaitwa Fast Startup: ukibonyeza "Shut down", Windows huhifadhi moyo wake kwenye diski na kesho yake huuamsha uleule pamoja na matatizo ya jana. "Restart" ndiyo huanza upya kabisa. Kwa hiyo bonyeza Restart, halafu ndiyo uendelee kupima. Baadhi ya kompyuta hupona hapo.

Kwenye Memory, ikiwa kazi zako za kawaida zinaipandisha juu ya asilimia 90 na kuiacha huko, RAM haitoshi. Ukurasa huo pia hukuonyesha ina GB ngapi na nafasi za kuchomeka ziko ngapi, mfano "1 of 2", maana yake kuna nafasi moja wazi.

Kwenye Disk ndipo penye siri nyingi. Tazama "Active time" na "Average response time". Diski ya kuzunguka, ile inayoitwa hadi diski (hard disk), ikiwa haina ubovu na haijabanwa sana hujibu ndani ya milisekunde 10 hadi 20 hivi; SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hujibu haraka kuliko hapo. Ukiona Active time imeganda asilimia 100, kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, na muda wa kujibu umefika milisekunde 500, 1,000 au zaidi, usitafute mchawi mwingine. Diski inagota mahali inajaribu kusoma pasiposomeka, na kompyuta nzima inaisubiri.

Diski

Hadi diski ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na kichwa kinachokimbia huku na kule kutafuta data. Windows za sasa huomba maelfu ya vipande vidogo kutoka sehemu tofauti kwa wakati mmoja, na kila safari ya kichwa hicho hula karibu milisekunde 10. SSD haina kinachotembea ndani. Ndiyo maana hata hadi diski isiyo na ubovu wowote huifanya Windows 10 iwe nzito, na ndiyo maana mtu akiniuliza hela yake kidogo aiweke wapi, jibu langu ni SSD kabla ya kitu kingine chochote.

Kujua afya ya diski, pakua CrystalDiskInfo kutoka tovuti yake yenyewe. Ni ya bure na ndogo. Ikifunguka inakuonyesha neno moja: Good, Caution au Bad. Usiishie kwenye neno. Shuka kwenye orodha utafute mistari 3 iliyoandikwa 05, C5 na C6. Mstari wa 05 unahesabu sehemu zilizokufa na kuhamishwa, C5 unahesabu sehemu zinazosubiri hukumu, na C6 zile zilizoshindikana kusomeka. Kwa hadi diski ninataka kuona sifuri kwenye yote mitatu. C5 inayoongezeka kila siku unapofungua ni diski ya kuhamwa wiki hii hii, hata kama neno la juu bado linasema Good. Kwa kompyuta ya mezani angalia pia C7: namba hiyo ikipanda huku zile nyingine zikiwa sifuri, tatizo mara nyingi ni waya wa SATA unaounganisha diski na kompyuta, ambao ni wa bei ndogo. Uchomoe uuchomeke vizuri, au ubadilishe, kabla hujailaumu diski.

Watu hupenda kuelekezana chkdsk. Ni chombo kizuri kwa mfumo wa mafaili uliovurugika, kwa mfano baada ya umeme kukatika katikati ya kazi. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika chkdsk C: /scan na usubiri, ikikuta makosa, itakuelekeza. Lakini chkdsk C: /r, inayosoma diski nzima kipande kwa kipande, usiiendeshe kwenye diski yenye C5 kabla hujaokoa mafaili. Inaichosha mpaka inaweza kufia palepale.

Kujaa nako kunaua kasi. Mstari wa C: ukiwa mwekundu, Windows inakosa pa kuweka vitu vya muda. Nenda Settings, System, Storage, uone kinachokula nafasi. Mara nyingi ni folda ya Downloads na video za WhatsApp zilizohifadhiwa mara tatutatu. Bakiza angalau GB 20 wazi.

Ukiamua kubadilisha diski, jua kwanza yako ni ya aina gani. Laptopu nyingi zenye hadi diski zinapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye umbo lilelile na plagi ileile. Mpya zaidi zina nafasi ya M.2, ya SSD nyembamba inayochomekwa kwenye ubao mkuu, na hapo kuna mtego: M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana kwa mbali lakini si kila ubao unazipokea zote mbili. Andika modeli ya kompyuta yako, itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, usome inapokea ipi. GB 240 au 256 zinatosha nyumba nyingi, na ile diski ya zamani, kama ni nzima, inaweza kuwekwa kwenye kasha la USB ikawa stoo ya picha.

Kuhamisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski yote kama ilivyo kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ya pili ni kuweka Windows mpya kwenye SSD na kurudisha mafaili yako. Kama diski ya zamani ina sehemu zilizokufa, chagua ya pili. Hakuna haja ya kubeba uchafu.

RAM

GB 4 zilitosha zamani. Leo kivinjari chenye kurasa 10 na WhatsApp ya kompyuta vinazimaliza, na zikiisha Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba. Ikiwa diski hiyo ni ya kuzunguka, ndipo kila kitu kinasimama. GB 8 ni kiwango cha kuishi nacho kwa raha.

Kabla ya kununua, hakikisha aina. DDR3 na DDR4 haziingiliani, na ya laptopu ni fupi kuliko ya mezani. Kwa laptopu za kati ya 2013 na 2015 angalia sana herufi L: nyingi zinataka DDR3L ya volti 1.35, na ukiweka DDR3 ya volti 1.5 inaweza isiwake kabisa. Njia salama ni kuchomoa ile iliyomo, kuipiga picha pande zote, na kwenda nayo dukani.

RAM mbovu hugandisha bila mpangilio: leo kwenye video, kesho kwenye barua, keshokutwa skrini ya bluu. Bonyeza Windows na R, andika mdsched.exe, ukubali ijipime wakati wa kuwaka. Ikitoa makosa na una vipande viwili, chomoa kimoja kimoja uone kibovu ni kipi. Unyevu wa pwani hufubaza meno ya RAM, na mara nyingi kuichomoa, kuyafuta meno kwa kitambaa laini chenye spiriti safi, kuiacha ikauke na kuirudisha vizuri mpaka vishikio vilie, kunamaliza tatizo zima. Zima kompyuta, chomoa umeme na betri, na shika chuma tupu kwanza ili umeme tuli wa mwilini usije ukaunguza kipande.

Joto, vumbi na hewa ya bahari

Chumba cha Dar kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari kina joto la nyuzi 30 na ushee kabla kompyuta haijawaka. Ongeza vumbi la barabara ya mtaani, ongeza kwamba wengi wetu huiweka laptopu kitandani juu ya godoro linaloziba matundu ya chini, na prosesa haina pa kupumulia. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100. Zikikikaribia zinapunguza mwendo zenyewe, na zikizidi, mashine inajizima ili isiungue.

Pima kwa HWiNFO au Core Temp, zote za bure. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 60 si mbaya kwa hali ya hewa yetu. Ikiwa kazini, 70 hadi 85 inavumilika. Ikigusa 95 mara tu unapofungua video, ifungue.

Utakachokikuta ni hiki. Feni yenyewe huonekana safi, na wengi huifuta mabawa wakaridhika. Ukiitoa kwenye skrubu zake, nyuma yake, pale inapopulizia kwenye mapezi membamba ya shaba, kuna tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa, la kijivu, linalotoka zima ukilivuta kwa kibano. Hilo ndilo linalozuia hewa. Kupuliza kutoka nje kwa bloa mara nyingine hulisukuma tu pembeni. Ukitumia bloa, izuie feni isizunguke kwa kuishika na kijiti, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi ya upepo huharibika, na usiweke upepo mkali wa kompresa ya gereji karibu na ubao.

Ukishaondoa mapezi juu ya prosesa, lazima ubadilishe ile grisi ya kijivu inayopitisha joto. Ya zamani huwa imekauka kama chokaa. Ifute kwa pamba na spiriti hadi prosesa ing'ae, weka tone dogo kama punje ya dengu katikati, rudisha mapezi na kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kufuata namba zilizochorwa pembeni yake. Grisi nyingi haisaidii, inamwagika pembeni. Kama hujawahi kufungua laptopu, kazi hii mpe fundi, lakini mwambie wazi: ondoa vumbi nyuma ya feni na weka grisi mpya.

Wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach mna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Usiiache kompyuta mbele ya dirisha linalopokea upepo wa bahari, na ya mezani iinue kutoka sakafuni hata kwa kipande cha mbao.

Umeme na chaja

Hapa ndipo nimeona hela nyingi zikipotea bure. Laptopu za Dell hutambua chaja yake kwa alama inayopita kwenye pini nyembamba ya katikati ya plagi. Ukichomeka kopi isiyotoa alama hiyo, au pini ikipinda, wakati wa kuwaka unatokea ujumbe kwamba aina ya chaja haitambuliki, betri haichaji, na prosesa inashushwa makusudi. Wengi hubonyeza kitufe chochote ujumbe upite, kisha wanalalamika mashine ni nzito, Windows inapigwa, RAM inaongezwa, uzito uko palepale. Kipimo ni rahisi: betri ikiwa bado na chaji, chomoa chaja, uone kama "Speed" ya CPU inapanda. Ikipanda, tafuta chaja yenye wati zinazotakiwa na modeli ya kompyuta yako, mara nyingi 65 au 90, na uijaribu palepale dukani. Laptopu za kampuni nyingine nazo zinaweza kupunguza mwendo chaja ikiwa dhaifu.

Ukiona kipadi cha kugusa kimeinuka au mfuniko wa chini umevimba, acha kila kitu. Betri imevimba. Zima, usiitoboe, usiichaji tena, itolewe.

Kwa ya mezani, tatizo huwa umeme wa nyumba. Taa zinapofifia pampu ya maji inapoanza, kompyuta iliyo kwenye ekstensheni moja na friji inapata mshtuko. Itenge kwenye soketi yake. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, mafaili ya Windows yanavurugika, na hapo ndipo kuganda huanzia kidogo kidogo. UPS ndogo, kifaa chenye betri ya akiba, inakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, na hizo zinatosha. Usiining'inize printa ya leza juu yake. LUKU ikikaribia kuisha usiku, zima mwenyewe. Sanduku la umeme la ndani ya kompyuta usilifungue hata likiwa limechomolewa, linabaki na chaji inayoweza kukudhuru. Likishukiwa, hujaribiwa kwa kuweka jingine zima.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri ya sarafu CR2032 kwenye ubao imeisha. Haileti uzito, ila tarehe mbovu huzifanya tovuti nyingi zikatae kufunguka.

Programu, virusi na bando

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Kwenye Task Manager fungua "Startup" au "Startup apps", zima kila kisichohitajika kuwaka na kompyuta. Kaa na kinga moja ya virusi. Mbili zinapigania kila faili. Ile ya Windows yenyewe inatosha wengi, na ina kipimo kinachoendeshwa kabla Windows haijawaka, kinaitwa Microsoft Defender Offline. Kitumie ukiona folda za flashi zimegeuka kuwa njia za mkato, dalili ya kirusi kinachohama kwa flashi kutoka stationari hadi nyumbani. Programu zilizochakachuliwa na vile vifungulio vya Windows vya bure ndiyo mlango mkubwa wa virusi vinavyoitumikisha prosesa yako usiku kucha. Viondoe.

Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc uone ukurasa au kiongezi (extension) kipi kinakula RAM. Na ikiwa unatumia bando la simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uwashe "Metered connection", ili Windows isianze kupakua masasisho makubwa katikati ya kazi. Siku ukiwa kwenye intaneti isiyo na kikomo, yaache yashuke.

Windows ipigwe lini

Diski ikiwa nzima, joto likiwa sawa, umeme ukiwa sawa, RAM ikitosha, na bado inaganda, hapo sasa. Hata hivyo jaribu kwanza kutengeneza iliyopo: kwenye Command Prompt ya msimamizi andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Ya kwanza hutumia intaneti kidogo. Kisha jaribu kuwasha kwa Safe Mode, Windows ikiwa na vitu vya msingi tu: shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, halafu chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, na mwisho namba 4. Ikiwa humo haigandi kabisa, mkosaji ni draiva au programu.

Ujue pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa rasmi inataka TPM 2.0 (kipengele cha usalama kwenye ubao au prosesa) na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi za Kariakoo ni za kizazi cha 4 hadi 7. Ukiambiwa inawezekana kuilazimisha, inawezekana, ila unabaki na mfumo ambao kampuni haijaahidi kuuhudumia. Kwa mashine ya kuandika, kusoma na intaneti, Linux Mint ya Xfce ni chaguo ninaloliamini: ni ya bure, inaenda kwa GB 2 za RAM na kwa raha kwa GB 4, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote.

Ukifika kwa fundi au dukani

Nenda na daftari lako na picha za skrini: CrystalDiskInfo, joto, Task Manager. Mweleze fundi ulichokipima, umsalimu kwa heshima, umuachie nafasi ya kukubishia. Wengi wao wanajua sana na hufurahi kupata mteja mwenye taarifa. Kubalianeni gharama kabla hajafungua. Andika namba za RAM na diski zilizomo, na kila kipande kilichobadilishwa urudishiwe cha zamani mkononi. Nywila ya akaunti yako usiiache kwenye karatasi juu ya mashine. Kwa kazi ya vumbi au RAM haihitajiki.

SSD unayonunua ichomekwe palepale dukani na CrystalDiskInfo ifunguliwe. Tazama "Power On Hours" na "Power On Count": mpya huwa na namba ndogo mno, na inayoonyesha maelfu ya saa imeshatumika, hata kama boksi lina nailoni. Jina la modeli kwenye programu lifanane na la kwenye kibandiko. Dai risiti yenye muda wa garantii ulioandikwa.

Ile diski ya zamani usiiuze wala kuigawa siku hiyohiyo. Itie kwenye bahasha, iandike tarehe, iweke kabatini kwa miezi kadhaa, mpaka uwe na hakika kila picha na kila faili limehamia salama. Baada ya hapo, kama ni nzima ifutwe yote kabla ya kubadili mikono, na kama ni mbovu itobolewe kwa drili katikati ya sahani, kwa sababu humo ndani kuna namba ya NIDA, vyeti na nywila za nyumba nzima.